Dainosari wa Lindi kwenye baraza ya Kuze: jinsi ya kupaka toi rangi upya

Jumamosi moja mpwa wangu wa miaka 13 alikuja kwetu Kuze na mjusi wa plastiki aliyemchomoa kwenye lundo la mtumba, Kongowea. Rangi yake ilikuwa kijani kikali mwili mzima, na macho yake yalikuwa matone mawili mekundu. Ncha ya mkia ilikuwa imetafunwa na mtoto wa nchi nyingine. Kijana akaniuliza kama nina msasa.

"Msasa wa nini?"

"Nataka kumpaka rangi upya, mjomba. Hii siyo rangi yake."

"Kwani wewe wajua rangi yake?"

Akafikiri kidogo. "Hakuna aijuaye. Lakini hii haielekei."

Mimi ni mtu niliyezoea kuona rangi ikipakwa mlango, dau au tuktuk. Mtoto kukaa barazani saa tatu na brashi ya nywele chache, akimpaka mnyama asiyezidi urefu wa kiganja, niliona ni kupoteza wakati. Nikamchukua yule mjusi nimtazame. Tumboni palichongwa jina kwa herufi ndogo, Kentrosaurus, na chini yake pameandikwa kuwa ametengenezwa China. Nilipolitafuta lile jina ndipo nilipokaa chini. Mnyama huyu hakutoka China, wala hakutoka Marekani kama sinema zinavyotufundisha. Ametoka Lindi, pwani hii hii yetu, kusini ya Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo nimeifuatilia kazi yake kwa karibu. Nimeona niwaelezee wazazi wenzangu inavyofanywa, ina hatari gani, na kwa nini sasa naona ina faida kuliko michezo mingi tunayowanunulia watoto.

Mifupa iliyobebwa vichwani

Tendaguru ni kilima kilichoko kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini karibu na hapo. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likapeleka msafara wa kuchimba, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa, na watu wa kusini walikuwa hawajainuka kutoka kwenye njaa iliyofuata.

Waliochimba walikuwa watu wa pale pale, karibu 500 katika miaka ya kazi nyingi. Mifupa ilifungwa ikabebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, ndipo ikapakiwa melini. Jumla yake ilikuwa takriban tani 225. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Jina kama hilo ungeweza kulisikia leo likiitwa msikitini Mji wa Kale. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipomwainisha dainosari mwingine wa Tendaguru alimwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Ilichukua karibu miaka 100.

Katika mifupa ile alitoka Kentrosaurus, aliyepewa jina na Hennig mwaka 1915. Alikuwa mnyama wa mita nne na nusu hivi, mwenye vibao shingoni na miba mirefu kuanzia kiunoni hadi mkiani. Alitoka pia yule mwenye shingo ndefu anayeitwa sasa Giraffatitan. Mifupa yake imesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Toi nyingi zilizoandikwa Brachiosaurus zimefuata umbo la huyu wa Tendaguru, kwa sababu ndiye aliyepatikana akiwa na viungo vingi zaidi. Kwa hivyo mtoto wa Mombasa anaweza kuwa amemchezea mnyama wa pwani yake miaka yote na asijue.

Toi za wanyama hawa zimo katika biashara kubwa. Kampuni kama Schleich ya Ujerumani na Safari Ltd ya Marekani hutoa dainosari wapya kila mwaka, na wanunuzi wao si watoto peke yao. Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wazima wanaozikusanya, na miongoni mwao wako wanaozipaka upya kwa mikono kwa sababu rangi ya kiwandani hupakwa haraka na kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo kazi aliyoiona mpwa wangu kwenye simu ya mamake, akaamua kuijaribu.

Kipi chajulikana, kipi chakisiwa

Hapa ndipo nilipobadilika mawazo. Mfupa wa mawe hauonyeshi rangi. Ila kwa wanyama wachache sana waliohifadhika na manyoya au ngozi, wataalamu wamepata mabaki ya chembe zinazobeba rangi. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa Sinosauropteryx wa China alikuwa na rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na mkia wa miraba ya hudhurungi na nyeupe. Mwaka 2016 ikaelezwa kuwa Psittacosaurus, wa China pia, alikuwa na rangi ya giza mgongoni na rangi nyepesi tumboni. Mwaka 2017 Borealopelta wa Canada akaonekana kuwa wa namna hiyo hiyo, mgongo wa wekundu wa kahawia na tumbo jepesi.

Mvuvi yeyote wa hapa ataelewa kwa nini. Mtazame jodari au nguru, mgongo wa giza na tumbo la fedha. Anayemtazama kutoka juu humpoteza kwenye maji meusi, na aliye chini yake humpoteza kwenye mwangaza. Nchi kavu jua hupiga mgongo na kivuli hukaa tumboni, na rangi za namna hii huufanya mwili uonekane bapa, mnyama asitambulike haraka.

Kwa Kentrosaurus hakuna ushahidi kama huo. Kila rangi anayopakwa, iwe ya kiwandani au ya barazani kwetu, ni kisio. Lakini kuna kisio la mtu aliyetazama na kisio la mtu asiyetazama. Mpwa wangu aliketi na kalamu akaandika wanyama anaowajua na rangi zao. Ndovu, kiboko na kifaru ni kijivu. Twiga ni mkubwa na bado ana madoa. Kenge wa mikokoni ni mweusi mwenye nukta za manjano. Kinyonga hubadilika. Kanga, ndege aliyeipa leso zetu jina, ana matone meupe mwili mzima. Kisha akajiuliza: mnyama wa mita nne na nusu, mla majani, anayewindwa, angefaidika na rangi gani? Sikumbuki mimi kuulizwa swali kama hilo shuleni.

Kazi yenyewe

Anza kwa kuosha. Toi hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na ya mtumba ina jasho na vumbi juu yake. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kisha iache siku nzima. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, na maji hujificha kwenye mikunjo.

Tazama mistari ya kalibu, pale nusu mbili zilipokutana. Ikate taratibu kwa wembe, halafu upitishe msasa laini uliolowa maji. Usitumie thina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha kutoa rangi ya zamani. Plastiki nyingi ngumu huyeyuka kwa vitu hivyo. Mpwa wangu alilijua hilo baada ya toi yake ya pili kugeuka ujiuji mkiani.

Kisha ijue plastiki yako. Ikipinda ukiibonyeza, ni ile laini. Juu ya plastiki laini, rangi za mafuta na nyingi za kupuliza hubaki zikinata wiki kwa wiki, kwa sababu plastiki yenyewe hutoa kilainishi kinachozuia rangi isishike. Dawa yake ni rangi ya akriliki ya maji, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na uchoraji. Anza na mkono mwepesi wa rangi ya msingi, nyeupe au kijivu, kisha usubiri.

Saa ya kufanya kazi nayo ina maana kwetu. Rangi ya kupuliza ikikutana na unyevu huingia ukungu mweupe usiotoka. Ukilazimika kuitumia juu ya plastiki ngumu, fanya nje, siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Msimu wa masika, hata ya brashi huchelewa kukauka. Na kukauka juu si kukauka ndani, kwa hivyo mpe kila mkono muda wake.

Rangi ya mwili ipakwe mara mbili au tatu, kila mara iwe nyepesi kama maziwa, isiwe nzito kama uji. Rangi nzito huziba magamba yaliyochongwa, na magamba ndiyo uzuri wa toi.

Baada ya hapo zinakuja hatua mbili zinazoufanya mnyama aonekane hai. Ya kwanza ni kuosha kwa rangi. Chukua kahawia iliyokolea, uizimue kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, uipake mwili mzima, halafu ufute kwa kitambaa sehemu za juu. Rangi itabaki mifereji ya ngozi. Mafundi wa milango ya nakshi wanaifahamu kazi hii, maana rangi ya giza ikikaa kwenye mchoro, ua linasimama.

Ya pili ni brashi kavu. Chovya brashi kwenye rangi nyepesi, uifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, halafu uipitishe juu juu. Itagusa vichwa vya magamba tu, kama chokaa iliyochakaa kwenye ukuta wa matumbawe, inayobaki pale jiwe lilipotokeza.

Jicho liachie mwisho. Tone dogo la manjano au kahawia kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha nukta nyeusi katikati. Jicho jekundu la kiwandani humfanya mnyama aonekane shetani, na mla majani hana sababu ya kuwa hivyo. Maliza kwa vanishi ya maji isiyong'aa mwili mzima, na tone la inayong'aa kwenye jicho peke yake, lionekane limelowa.

Kumbadilisha umbo

Wenye uzoefu huenda mbele zaidi. Mkia wa plastiki laini uliopinda huingizwa kwenye maji ya moto, hulainika, hunyooshwa kwa mkono, kisha hutiwa maji baridi ukabaki hapo. Kazi hiyo aifanye mtu mzima. Ncha iliyotafunwa hujazwa kwa pati ya epoksi ya sehemu mbili, ile mafundi bomba wanayoikanda kwa vidole, na magamba huchongwa kwa sindano kabla haijakauka. Vaa glavu, maana ikiwa mbichi huwasha ngozi.

Kubadilisha huku si pambo tu. Kentrosaurus ana mwiba mmoja mrefu ubavuni ambao hapo zamani wataalamu waliuweka nyongani. Baada ya kupatikana mifupa ya jamaa yake China, wengi wakauhamishia begani. Toi za zamani pia huburuta mkia chini, hali siku hizi inaaminika waliuinua. Mtoto anayekata mwiba nyongani na kuugandisha begani anasahihisha kitabu kwa mikono yake, na anajifunza kuwa hata wataalamu hurudi nyuma wakapanga upya.

Vipimo navyo vina hesabu yake. Wakusanyaji wengi hupendelea uwiano wa 1 kwa 40. Giraffatitan wa Berlin kwa uwiano huo ana kimo cha sentimita 33, na Kentrosaurus ana urefu wa sentimita 11 hivi. Waweke pamoja mezani na mtoto ataona mwenyewe tofauti ya wanyama walioishi ardhi moja.

Neno moja kwa wenye toi za zamani: angalia kwanza umeshika nini. Mfululizo wa Carnegie wa Safari Ltd, ulioanza 1988, ulisimamishwa 2015, na wakusanyaji huzitafuta zikiwa na rangi yake ya asili. Ukiipaka upya, thamani yake kwao imekwenda. Jizoeze kwa zile za mtumba zilizokwisha kuharibika.

Sumu si mchezo

Mombasa hatuna udhuru wa kutoijua risasi, madini yale yanayowekwa kwenye betri na yaliyotiwa kwenye rangi kwa miaka mingi. Watu wa Owino Uhuru, ng'ambo ya Makupa, waliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu katikati ya nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kilichoharibika hakirudi.

Kiwango cha Kenya kwa rangi ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Kiwango hicho hakikulindi na mkebe wa zamani uliosahaulika stoo, wala na toi ya miaka mingi iliyopakwa kwingine. Kwa hivyo usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Lowesha, vaa barakoa, futa vumbi kwa kitambaa cha maji na utupe kitambaa. Usipakie rangi kwenye meza ya kulia wala usioshee brashi kwenye beseni la vyombo. Nunua rangi iliyoandikwa wazi kuwa inafaa watoto, na toi iliyopakwa upya asipewe mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni.

Suala la dini

Najua kuna msomaji aliyengoja nifike hapa. Mamake kijana aliniuliza siku ya kwanza: masanamu haya ndani ya nyumba, vipi? Ni swali la haki, na si la kujibiwa kwa mzaha.

Mimi si shehe. Nililipeleka kwa maalim wetu, naye akanifafanulia kwa utaratibu. Katazo la kutengeneza sura za viumbe wenye roho liko na ni zito. Pamoja na hilo, wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto, kwa hadithi za Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyekuwa na wanasesere. Katika mapokezi ya Abu Dawud alikuwa pia na farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza juu ya mabawa yale, naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, Mtume akacheka. Wako wanavyuoni waliokuwa wakali zaidi kuliko hapo, na rai yao ina heshima yake. Maalim akatenganisha pia toi ya mtoto na sanamu ya kupangwa kabatini kama pambo la sebule. Hiyo ya pili hakuipa ruhusa.

Kwetu tukakubaliana hivi: vya kijana hukaa kwenye mkebe wa biskuti. Hutolewa wakati wa kazi na wakati wa kuwaelezea wadogo zake, na adhana ikilia hufungwa. Kila nyumba ina maalim wake, na nakusihi umuulize wako.

Jina lililokosekana

Yule Kentrosaurus alikwisha baada ya Jumamosi tatu. Mgongo ni kahawia ya gome la mbuyu, tumbo ni rangi ya mchanga, na ubavuni ana nukta za manjano alizoazima kwa kenge. Miba ina ncha nyeusi. Hakuna ajuaye kama alikuwa hivyo, na kijana huwa wa kwanza kukwambia.

Vijana wenzake wanaopita barazani humuuliza mnyama huyu ni wa wapi. Mwanzo waliposikia Lindi walicheka, wakadhani ni mzaha. Sasa wawili kati yao wamekuja na toi zao. Nimewaambia pia kuwa Tanzania imetoa dainosari wenye majina ya lugha yetu: Shingopana, aliyetangazwa 2017, na Mnyamawamtuka wa 2019, ambaye jina lake la pili ni moyowamkia kwa sababu mfupa wake mmoja wa mkia una umbo la moyo. Walilisoma jina lile kwa sauti, wakalielewa bila kufasiriwa.

Kabla ya vanishi, mpwa wangu alimgeuza mnyama wake chali. Hakufuta maandishi ya kiwanda. Chini yake akaongeza kwa kalamu nyembamba: Tendaguru, Lindi.